Vikapu Vitatu, Kichwa Kimoja

Mwaka ule korosho ilipododa ghalani Newala
nilikuwa karani wa mizani, naandika kilo za wenzangu
kwa kalamu iliyofungwa uzi ili isiibwe.
Mimi mwenyewe sikuwa na wasiwasi.
Wenzangu wana mikorosho tu, nilijigamba;
mimi nina mikorosho,
na hisa za benki ile yenye ukuta wa rangi ya chungwa,
na hisa za kampuni ya malori.
Vitu vitatu. Nani ataniangusha?

Mnada wa kwanza ukapita bila bei.
Wa pili, wakulima wakakataa, wakarudi makwao wakinong'ona.
Malori yakalala, nyasi zikaota kwenye matairi.
Benki ikakumbuka mikopo iliyowapa wakulima haohao,
ikanyamaza kama mkwe aliyevunja sahani.
Wiki tatu
kila nilicho nacho kikashuka ngazi ileile,
mguu kwa mguu, kwa adabu, kama watoto wa madrasa.

Nilikuwa na vikapu vitatu, kweli,
lakini vyote juu ya kichwa kimoja,
na aliyeteleza ni mwenye kichwa.

Nikachukua daftari la Asumini, mwanangu,
kurasa zilizobaki nyuma ya hesabu za sehemu.
Kila Ijumaa: bei ya hiki, bei ya kile.
Sikuuliza tena kipi kinapanda.
Niliuliza: hiki kikilia, kile hufanya nini?

Korosho na malori, mtu na kivuli chake.
Korosho na benki, mke na mume waliogombana
lakini kitanda kimoja.
Korosho na saruji, majirani wa kusalimiana tu.
Korosho na kiwanda cha sabuni, hata hawajuani:
watu hufua wakiwa na njaa.

Huyo asiyetujua ndiye nikamtafuta.
Nikauza malori, nikanunua ugeni.

Likumbage, mume wangu, akacheka:
"Wenzako hutafuta ndugu, wewe unatafuta wasiokuhusu?"
Ndiyo, nikamjibu. Siku ya msiba wetu
nataka awepo mtu ambaye kwake kuna harusi,
atuletee pilau.

Kisha nikaona mbili zisizoachana,
benki ya chungwa na benki ya kijani.
Miaka minne ndani ya daftari zilitembea
kama wale ndugu wawili wa Mtangalanga
walioshuka bondeni kuchota maji:
mmoja akitangulia, mwingine ameinama kutoa mwiba,
na kwenye mlima wa kurudi utawaona bega kwa bega.

Nikawa nauza iliyokimbia,
nanunua iliyoinama.
Zikikutana, ile nafasi iliyokuwa kati yao ni yangu.

Nilisikia wengine huko mbali
huuza hata wasichokuwa nacho: huazima, huuza, hurudisha baadaye.
Huku kwetu jambo hilo lina jina
na mgambo hukufuata hadi mlangoni.
Kwa hiyo mimi nilifanya nusu.

Mara ya kwanza, mabati manane.
Mara ya pili, ada ya Asumini, na viatu.
Mara ya tatu ile ya kijani ikainama,
nikanunua.
Ikainama zaidi, nikaongeza.
Miezi saba nimesimama juu ya mlima ule na ndoo yangu.
Daftari linasema watakutana.
Daftari halisemi uongo,
linasema tu yaliyokwisha.

Haukuwa mwiba. Alikuwa nyoka.

Sasa nina safu ya tatu, ya wino mwekundu:
ikifika hapa, ondoka, usiulize.
Mabati manne yamerudi dukani. Sabuni bado inatulisha.

Jana usiku, umeme umekatika,
nilifungua ukurasa mpya, nikaandika juu yake
*Mimi*, na kando yake *Likumbage*.
Miaka kumi na tisa. Alipougua, niliugua.
Nilipocheka, wakati mwingine hakucheka.
Nilijaza safu mbili hadi mshumaa ukafika kwenye kisosi.
Ya tatu nimeiacha wazi.