Kilicholia Ilesi

Niliomba ruhusa ya siku mbili kazini,
nikaazima kamera ya Kiprono wa uhasibu,
nikatoka Nakuru alfajiri na jina moja mfukoni:
Jiwe Linalolia.
Kwenye kalenda ya ofisini lilisimama kama bibi mrefu
aliyejitwisha jiwe jingine kichwani,
machozi yakimtiririka hadi kifuani.
Chini yake waliandika: Usife kabla hujaliona.

Basi nililiona.
Lilikuwa kavu.
Siku kumi na moja bila mvua, alisema kijana wa langoni,
kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mjomba mlevi.
Nikapiga picha tatu. Ya nne ilikuwa kidole changu.
Dakika kumi na mbili, na safari ya saa tano ikawa imekwisha.

Nikashuka barabarani kungoja gari la kurudi,
na hapo ndipo mbingu, kwa kejeli zake, zilipofunguka.
"Wewe mwenye mikono mitupu!" mtu akaita.
"Umesimama kama mlingoti na vyungu vinalowa?"

Sikujua kama ni mimi. Nilikuwa mimi.
Tukakimbia, yeye na magunia, mimi na vyungu
viwili viwili kwapani kama pacha:
vya mboga, vya maji, vya pombe ya matanga,
na kimoja cha maua ambacho hakukijali
("hicho ni cha watu wa hoteli").
Tulipofika kibandani tulikuwa udongo sisi wenyewe.
Ndipo akanisalimu: Mulembe.

Melitina Imali. Kucha zimelika,
miwani imefungwa kwa uzi wa gunia.
Alinipa kiazi kitamu kilichookwa jivuni
juu ya kipande cha chungu kilichovunjika,
na kabla sijashangaa akasema,
"Mfinyanzi hulia gaeni. Na mgeni wake pia."

Akauliza habari za jiwe. Nikasema halikulia.
Alicheka mpaka miwani ikaanguka.
"Mimi nimeolewa chini ya jiwe hilo.
Watu wanapanda, wanalitazama likilia, wanashuka.
Sijasikia hata mmoja aliyeliuliza lina nini."

Kisha akaniuliza mimi nina nini.
Hivyo tu, akigeuza kiazi.
Na mimi, ambaye ofisini husema niko salama
kabla hata sijaulizwa,
nikamweleza habari za mama, wadi namba saba,
na simu niliyoiacha ikaita kwa kuwa nilikuwa mkutanoni,
mkutano ambao leo sikumbuki ulihusu nini.
Kuni zilikuwa mbichi. Nikasema ni moshi.
"Ndiyo," akasema. "Hata jiwe husingizia mvua."

Hatukusema mengi baada ya hapo.
Akanipa chungu, akanifundisha kukigonga
kwa kifundo cha kidole.
"Sikiliza. Kizima hulia. Chenye ufa hukohoa."
Tukavigonga vyote, kimoja kimoja, mvua ikipungua.
Viwili vikakohoa. Hakuvivunja.
Aliviweka kando, vya kupandia vitunguu.

Huko juu, bila shaka, jiwe lilikuwa likilia kwa nguvu zote,
kifua chote kimelowa, kama kwenye kalenda.
Mwendo wa robo saa.
Nilibaki nikipanguza vyungu kwa kiraka cha leso
na kusikiliza kesi ya jirani aliyechimba udongo
ng'ambo ya mpaka wake, na ng'ombe aliyeitwa Wadeni.

Picha ya Melitina sina. Nilisahau kwamba kamera ipo.

Kiprono ameifungua leo, amezitazama zile tatu,
amekitazama kidole.
"Ndilo hili?" ameuliza. "Na lililia?"

Nimekigonga chungu kilichoko mezani pangu.
Kimejaa kalamu, hakikutoa sauti.
Nimezitoa zote, moja baada ya nyingine,
nimekigonga tena.