Mujinga wa Katuba

Shuleni jina lake lilikuwa kicheko: Mujinga, mjinga.
Nani angewaeleza kwamba kwa Kiluba
ni mtoto aliyekuja na kamba ya kitovu shingoni?

Uani Katuba anachuna nyaya za shaba
kwenye mota iliyoungua,
anasuka mbavu, bega, kisogo;
tumbo kaliacha wazi, hasemi kwa nini.

Jumamosi alilivaa umbo hilo
akaenda kimya hadi soko la Kenya,
uzi mmoja ukiburuzika nyuma kwenye vumbi jekundu.

Mnunuzi wa vyuma akauliza: "Mama, kilo ngapi?"
Akampa ncha. "Vuta."
Akavuta. Ubavu ukafumuka, wa pili,
shaba ikamzinga kiganja, kifundo, mpaka kiwiko.

"Basi," akasema, "Mujinga tumekuwa wawili."