Kitufe cha Pokea

Nilichora kitufe kimoja tu,
kijani, kipana kama kiganja cha Kebirungi,
maana yeye hupokea maziwa akiwa na mikono iliyolowa
na hana muda wa kuwinda vidude kwenye skrini.
Nikakiandika: POKEA.

Kitufe peke yake hakijui kitu.
Ni kengele ya mlango kwenye ukuta usio na nyumba.
Ukikibonyeza huita tu,
na lazima mtu huko nyuma aseme naam.

Naam ya kwanza niliiandika Jumatatu:
chukua jina, chukua lita, tia daftarini.
Jumatano meneja akataka risiti.
Nikaandika kazi ya kuchapa, nikaiweka palepale
kwa alama ya usawa, vile vijiti viwili vilivyolala.
Sikujua kwamba usawa hauongezi. Hukalia.
Aliyekuwa kitini hunyanyuliwa bila hodi
na hakuna herufi nyekundu ya kumlilia.

Alhamisi, Rushere, ukungu haujapanda bado.
Bodaboda zikaja, madebe yakagongana,
Kebirungi akabonyeza mara mia moja na kumi na nne,
printa ikatema karatasi zenye joto,
kila mtu akaondoka na yake.
Mchana nikafungua daftari:
sifuri.
Tangi limejaa hadi shingoni, na daftari linaapa
kwamba leo hakuna ng'ombe aliyekamuliwa.

Waliotuokoa ni wenye maziwa.
Walirudi na risiti, moja imefungiwa tumbaku,
moja imelowa jasho la kifua,
nyingine nusu, nusu iliyobaki ililiwa na ndama.
Kebirungi akasoma, mimi nikaandika,
mpaka taa ya sola ikachoka.

Usiku huo nikafuta usawa, nikaandika *ongeza*.
Kitufe kikapata foleni badala ya kiti:
ujumbe wa simu kwa mfugaji, *Webare*,
kisha daftari, kisha risiti, kisha jumla ya tangi,
wote wakisikiliza mlio mmoja,
hakuna anayemjua mwenzake.

Ningeishia hapo ningeitwa fundi.
Lakini mstari wa ujumbe niliutia ndani ya ukurasa
unaofunguliwa upya kila zamu,
na kila ukifunguka, yuleyule hupanga foleni tena.
Karuhije akaja na simu mkononi:
"Mmenishukuru mara tatu. Nilipeni mara tatu."
Kebirungi alicheka hadi akatua ndoo.
Nilitaka kuwatoa wale wa ziada, nikashindwa:
niliwaandika bila jina,
na asiye na jina utamwitaje umwambie toka?

Nikawapa majina.

Kisha mtandao ukakatika,
ujumbe ukaanguka kifudifudi,
na waliokuwa nyuma yake wakabaki wamesimama,
daftari, risiti, tangi, midomo wazi.
Nikapanga upya. Daftari mbele.
Shukrani mwisho kabisa, na kitanda cha kuangukia
ili ikianguka isimwangushe mtu.

"Mbona shukrani umeiweka nyuma?"
"Kwa sababu maziwa hayasubiri."
Akafuta mkono kwenye aproni, bado umelowa,
akabonyeza.

Printa ikakohoa.
Na mahali fulani kwenye njia ya Kazo,
ndani ya koti la mtu aliyekwisha kupanda pikipiki,
*Webare* moja,
moja tu.