Akiba ya Zirnis

Alinunuliwa kwa ajili ya Austra
siku alipotimiza miaka saba,
pamoja na tundu la nyaya, gurudumu la plastiki
na mfuko wa maranda yanukiayo msonobari.
Wakamwita Zirnis, yaani punje ya njegere,
kwa alivyojiviringa kiganjani.

Lakini hamsta hana mchana.
Austra akirudi shule, akigonga tundu kwa ukucha,
hupata mgongo tu, unapanda, unashuka.
Austra akilala, Zirnis huamka.

Basi anayemjua ni baba.
Ojārs huoka mikate ng'ambo ya Daugava,
hurudi saa kumi za usiku, unga kwenye nyusi,
huvua viatu mlangoni asije akaamsha watu,
na jikoni humkuta mwenzake yuko zamu:
krii, krii, krii,
safari ndefu isiyovuka jokofu.
Humpa mbegu ya alizeti. Moja. Kisha nyingine.
Mashavu hutuna mpaka sura ikapotea,
ndipo hukimbia kuzika mali yake pembeni.
Akiba haiozi, husema watu.
Jumamosi, akisafisha tundu, Ojārs
hukuta chini ya maranda kipande cha tango
kimeoza, kimeota manyoya kumzidi mwenyewe.

Januari, mabomba ya joto ya jengo zima yakagoma.
Ojārs akarudi: gurudumu kimya,
Zirnis baridi kama kijiko,
miguu imekunjwa, sharubu hazitikisiki.
Alikwisha kutafuta kisanduku cha viberiti,
alikwisha kuwaza ardhi ilivyoganda, na sepetu ataazima kwa nani,
Bi Vizma wa ghorofa ya chini, aliyenyimwa usingizi na baridi,
alipoona taa akapanda kulalamika.
Akamtazama mnyama, akamtazama mtu.
"Usizike," alisema. "Huyu amefunga tu, kama duka."

Akamtia ndani ya fulana, juu ya tumbo,
akaketi,
koti juu, mkono juu ya koti.
Saa nzima. Alipopiga chafya alijilaumu.
Kisha mpigo, mdogo kama wa saa ya mkononi,
hakuwa na hakika kama ni wake.
Kisha kucha.

Austra akaja na blanketi mabegani,
akachungulia tundu: mgongo, unapanda, unashuka.
"Kila siku kulala tu," alinung'unika.
"Heri ningeomba samaki."
Ojārs alikuwa anakata mkate.
Chini ya fulana mikwaruzo mitatu ilimwasha.
"Labda," alisema,
akampakia siagi.