Mfenesi wa Makorora

Walioukata ni watu wa nguzo za umeme.
Walikuja Jumanne na karatasi yenye muhuri,
wakasema tawi limeegemea waya;
tawi lilipokwisha, wakasema shina nalo lina nia hiyohiyo.
Saa saba mchana jua lilikuwa uani kwetu,
mahali ambapo halijawahi kufika.
Kuku walilizunguka kama mgeni asiyesalimu.

Wa kwanza kubisha hodi ni Mbaruku wa mkaa,
utomvu haujaganda bado.
"Elfu arobaini, na taka nakuondolea."
Taka! Shina ambalo mikono yangu haikupata kulikumbatia likakamilika.
Nikamwambia, rudi kesho,
yaani, usirudi.
Akarudi.
"Thelathini na tano. Mti ukilala hushuka bei, kama samaki."

Alikuwa na haki kidogo. Ndicho kilichoniuma.

Nikajitanda, nikaenda Barabara ya Kumi na Mbili
kwa fundi Shebughe, na kibanzi ndani ya mfuko wa rambo,
manjano, manjano ya binzari mbichi.
Akakinusa. Akakilamba, wallahi, akakilamba.
"Mchwa hawaipendi hii," akasema.
"Tatizo, na wateja hawaipendi. Kila mtu anataka mninga,
hata ukiwa mninga wa kopo la rangi.
Pasua inchi mbili. Vichwa vipake rangi ya mafuta visipasuke.
Panga juu ya matofali, kivulini, ubao na fito, ubao na fito.
Kisha ngoja mwaka."
"Mwaka?"
"Mti ulikuwa na umri gani?"
"Arobaini na miwili."
"Basi nawe mpe mmoja."

Kilua alitoka Muheza na chensoo yake,
malipo nusu kwa nusu, mbao zake, mbao zangu.
Ubao wa tatu, chensoo ikapiga yowe.
Msumari, inchi sita, umemezwa mzima,
na kuuzunguka mti umegeuka mweusi, wino uliovuja kwenye daftari.
"Mnyororo wangu, dada."
"Msumari wa mama yangu," nikamjibu,
kana kwamba hilo ni jibu.
Aliupigilia yeye, aanike nepi za kitinda mimba.
Mnyororo nikaulipa.

Matawi yalikwenda kwa mwenye tanuri la mkate.
Panda akaichukua mchonga vinu wa Duga, akatoa vinu viwili.
Unga wa msumeno, kijana wa Kange, alalie vifaranga.
Mabapa nilimkopesha Siwatu wa vitumbua,
na deni hilo, nikilitaja, mafuta yake huungua ghafla.
Kisiki hakuna aliyekiuliza.

Masika yakapita juu ya bati. Vuli ikapita.
Manjano ikazama, ikawa rangi ya chai iliyosahauliwa.
Akaja mama mmoja anaoza binti,
na simu yenye picha ya kabati jeupe;
akazipapasa mbao zangu, akajifuta mkono, akaenda.

Aliyezinunua ni Maalimu Shekue,
hakuzipapasa hata kidogo.
Alitaka marufaa thelathini ya watoto wa chuoni kwake,
akapunguza bei mpaka nikaona aibu kwa niaba yake,
akaongeza elfu mbili, akasema za baraka.

Nimepiga hesabu nyuma ya kalenda.
Nikitoa rangi, mnyororo, kibali cha mtaa, gari,
nimebaki na elfu hamsini na tatu.
Mwaka mzima, kuishinda ile arobaini kwa kumi na tatu.

Na ubao mmoja.
Shebughe aliniuliza, aikate ile sehemu mbovu?
Nikasema, hapana, hapo ndipo nitakapokaa.
Akanitengenezea mbuzi, ulimi wa chuma mbele,
tundu jeusi la msumari katikati ya mapaja yangu.

Jana Mbaruku kapita, kachungulia ukutani.
"Ehe, ulipata faida?"
Nikamwambia, subiri kwanza, nikune nazi.