Arobaini ya Kangaja

Saa kumi na moja alfajiri, stendi ya Moshi,
basi la Tanga limemshusha ndani ya boksi la machungwa:
mfuko ndani ya mfuko, nusu maji, nusu pumzi,
na kikaratasi cha Sechonge:
"Dada, huyu anaitwa kangaja, lakini si tunda.
Chunga mkia. Una wembe."

Nimempakata kwenye bodaboda hadi Pasua
kama nilivyopakata chanjo zamani, nikiogopa jua.

Sebuleni nina bahari ya lita mia tatu.
Maji ni ya bomba, yametoka mlimani,
hayajawahi kuonja chumvi, hata ya mboga.
Nimeyafundisha mwenyewe, kikombe kwa kikombe,
mpaka kipimo kikakubali.
Jirani yangu Eliwaza huja kutazama, mikono nyuma.
"Hivi hawa mnawala lini?"
Nasema hawaliwi. Ananihurumia.

Mwaka juzi nilikata mfuko nikamimina, basi.
Samaki mzuri, mistari kama kanga haijafuliwa.
Magharibi alikuwa anaelea ubavu.
Miaka thelathini na moja wodini,
na mgeni yule sikumpima hata joto.

Kwa hiyo leo mfuko unaelea kwanza, umefungwa,
joto lisalimiane na joto.
Kisha natoa mpira wa dripu,
nakaza kigurudumu kwa kidole gumba:
tone.
Tone.
Mkono haujasahau.
Ndooni kangaja anahema kama mtoto mwenye homa,
baadaye kama mtoto aliyelala.
Maji ya safari hayaingii nyumbani;
nayamwaga barabarani, mbali na migomba.

Halafu chumba cha uani, beseni lake peke yake,
siku arobaini, kama mzazi.
Mimi mama mkwe aliniletea mtori, mlango umeegeshwa,
nisipitiwe na kila jicho.
Yeye namletea mwani, mlango umeegeshwa,
namkagua mapezi, natafuta vidoa vyeupe.
Siku ya kumi na mbili umeme ulikatika.
Nilimpulizia hewa kwa pampu ya baiskeli ya Ndemasi
hadi saa tisa usiku,
na sikumwambia mtu.

Shida ni mwenye nyumba. Kitatange.
Watu wa pwani walipotafuta jina la mfitini
walimtazama yeye, wakamaliza kazi.
Ana pango lake kushoto, ana kona yake ya kunyea,
hata kivuli changu hukifukuza.
Basi usiku wa arobaini na moja nikazima taa,
nikazamisha mikono mpaka kwapani,
nikahamisha mawe yote.
Pango likaenda kulia, kona ikawa uwanja,
ili akiamka, naye awe mgeni.

Asubuhi amesimama mbele ya jiwe
kama mtu aliyerudi akakuta kitasa kimebadilishwa.
Kangaja anapita, taratibu, buluu tupu.
Kitatange anamkimbiza. Anaacha. Anamkimbiza tena.
Mkia unageuka, wembe unaonekana mara moja,
kila mmoja anakwenda zake.

Sijui bado. Chai imepoa mkononi.
Eliwaza ameingia bila hodi, amevuta stuli,
amekaa kimya muda ambao si kawaida yake.
"Yule mgeni," anasema,
"amekula?"