Konzi Moja

Umeme umekatika Upanga, saa nane usiku,
na Nakiete anahesabu pumzi za panya kwa tochi ya simu.
Panya wa sita, kizimba cha pili: amelala kiubavu,
manyoya yamesimama, mkojo mwekundu.
Anaandika. Mkono hautetemeki; umeshazoea.

Mzizi huu ulitoka Mbagala, kwa Bi Mwanakheri,
aliyeupima kwa konzi, akasema, "Chemsha, mpe mgonjwa."
"Konzi ya nani, bibi? Yangu au yako?"
Akacheka. "Ya anayempenda."

Msimamizi amerudisha sura ya tatu mara nne:
"Konzi si kipimo."
Basi amekausha, amesaga, amechuja,
amegeuza upendo kuwa miligramu kwa kilo,
na juzi mizani ilisita kwenye desimali ya nne
kama mtu anayetafuta jina.

Umeme unarudi. Jokofu linakohoa.
Panya wa sita amekufa; wa saba anakula.
Kati yao, tofauti ni punje
isiyoshikika hata kwa ukucha.

Alfajiri anampigia bibi.
"Ule mzizi, uliwapa akina nani wengine?"
Kimya. Halafu sauti ndogo:
"Subiri nihesabu."